Malipo kwa matokeo katika mikataba ya makocha wa futiboli ya vyuo Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila kocha mkubwa anapofukuzwa huko Marekani, maswali huwa yaleyale. Ameshindwa, mbona analipwa? Bonasi zake zilikuwa za nini? Nani anatoa hizo fedha? Majibu yafuatayo yanaanza na mambo ya msingi na kuishia kwenye yale ambayo hata mawakili huyagombania. Fedha zote ni dola za Marekani. Maswali yamepewa namba ili jibu moja likupeleke kwenye jingine bila kurudia maneno.

## Mambo ya msingi

1. Tunazungumzia mpira upi?

Ule wa Kimarekani, wa kofia ngumu na mpira uliochongoka pande mbili, unaochezwa na vyuo vikuu chini ya chama cha michezo ya vyuo, NCAA. Timu ya daraja la juu hucheza mechi 12 za kawaida, kuanzia mwisho wa Agosti hadi mwisho wa Novemba. Ikishinda 6, inastahili kualikwa kwenye mechi moja ya baada ya msimu, zile ziitwazo Bowl. Timu bora kabisa huingia mchujo wa kumtafuta bingwa wa taifa. Mchujo huo ulikuwa wa timu 4 tangu msimu wa 2014, na tangu 2024 ni wa timu 12.

Shika hizo hatua tatu: ushindi wa 6, Bowl na mchujo. Karibu kila bonasi imefungwa kwenye mojawapo.

2. Kocha wa wanafunzi analipwa mamilioni kweli?

Kweli kabisa. Nick Saban alipokwenda Alabama mwaka 2007 alipewa miaka 8 kwa dola milioni 32, na wakati huo watu walishika vichwa. Alipostaafu Januari 2024 alikuwa akipata zaidi ya milioni 11 kwa mwaka. Mwaka huohuo Kirby Smart wa Georgia alifikishiwa milioni 13. Katika majimbo mengi, mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote si gavana wala jaji mkuu. Ni kocha wa futiboli au wa mpira wa kikapu wa chuo kikuu cha jimbo.

3. Mkataba wa kocha mkuu una mafungu gani?

Fungu la kwanza ni mshahara wa msingi, ambao mara nyingi ni mdogo kwa makusudi: laki chache tu za dola, ili ufanane kidogo na mishahara ya chuo. La pili ndilo lililonona. Huitwa malipo ya vyombo vya habari, ya matangazo au ya huduma binafsi, nalo ndilo linalofikisha jumla kwenye mamilioni. Kocha hulipata timu ishinde au ifungwe, mradi ahudhurie vipindi vya redio na televisheni na avae nguo za mdhamini.

La tatu ni bonasi ya kukaa, yaani fedha anayopewa akiwa bado yuko kazini tarehe fulani. Wengi huichanganya na bonasi ya matokeo, lakini hapa hakuna ushindi unaodaiwa. Kinachotakiwa ni kutohama. La nne ndilo mada yetu, malipo kwa matokeo. La tano halionekani mpaka mambo yaharibike: fidia ya kuvunja mkataba. Humo ndimo fedha kubwa zilimo (tazama maswali ya 10 hadi 14).

4. Bonasi za matokeo ni sehemu kubwa kiasi gani ya malipo yote?

Kwa makocha wa juu, ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mtu mwenye milioni 9 za uhakika akiongezewa milioni 1 kwa kutwaa ubingwa wa taifa, jambo linalompata mmoja tu kwa mwaka, huwezi kusema analipwa kwa matokeo. Analipwa kwanza, matokeo yanafuata.

Kwenye vyuo vidogo hali ni tofauti. Huko mshahara wenyewe haujafika milioni, na bonasi ya makumi ya maelfu kwa kushinda ligi hubadilisha kweli mwaka wa familia. Kwa hiyo ukisoma kichwa cha habari kinachosema kocha fulani amevuna bonasi, uliza kwanza mshahara wake ni kiasi gani.

## Bonasi zenyewe

5. Kocha hulipwa bonasi kwa mambo gani hasa?

Idadi ya ushindi, kufika Bowl, kushinda kundi au ligi, kuingia mchujo, kila hatua ndani ya mchujo, ubingwa wa taifa, nafasi ya mwisho kwenye orodha ya ubora, tuzo ya kocha bora wa mwaka, na masomo ya wachezaji (swali la 7). Vyuo vyenye viwanja visivyojaa wakati mwingine huongeza mauzo ya tiketi za msimu.

Mfano wa ngazi rahisi kueleweka ni wa Deion Sanders alipoajiriwa Colorado Desemba 2022 kwa miaka 5 na dola milioni 29.5. Akifikisha ushindi wa 6 anapata 150,000, na kila ushindi unaofuata unaongeza 100,000. Mwaka wa kwanza alishinda mechi 4, ngazi haikuguswa. Mwaka wa pili alishinda 9.

Mfano wa upande wa pili ni Randy Edsall aliporejea Connecticut mwaka 2017. Mkataba wake ulikuwa na bonasi za dola 2,000 kwa vitu kama kutangulia kufunga au kuongoza mapumzikoni. Maana yake ni kwamba timu inaweza kupigwa vibaya na kocha akaondoka uwanjani na hela ya mfukoni. Mwaka 2018 timu hiyo ilishinda mechi 1 kati ya 12. Sioni faida ya vifungu vya aina hii, isipokuwa kuwapa waandishi wa habari kitu cha kucheka.

6. Kuna kocha aliyewahi kukubali dau la kweli, mshahara ushuke na bonasi zipande?

Yupo, na ndiye mfano ninaoupenda kuliko yote: Jim Harbaugh wa Michigan. Msimu wa 2020, ule wa korona, timu yake ilishinda mechi 2 na kufungwa 4. Januari 2021 chuo hakikumfukuza. Kilimpa mkataba mpya wenye mshahara wa takriban milioni 4, karibu nusu ya alichokuwa akipata, na juu yake ngazi ya bonasi: 500,000 kwa kushinda kundi lake ndani ya ligi ya Big Ten, milioni 1 kwa ubingwa wa Big Ten, 500,000 kwa kuingia mchujo, na milioni 1 kwa ubingwa wa taifa.

Msimu uliofuata akaifunga Ohio State, akatwaa kundi na ligi, akaingia mchujo. Hesabu ikawa milioni 2. Harbaugh akatangaza kwamba fedha hizo zitakwenda kwa wafanyakazi wa idara ya michezo waliokatwa mishahara wakati wa korona. Miaka miwili baadaye, Januari 2024, Michigan iliifunga Washington 34 kwa 13 na kuwa bingwa wa taifa, kisha yeye akaenda zake kufundisha Los Angeles Chargers kwenye ligi ya kulipwa.

Angalia lakini jinsi dau lilivyodumu kwa muda mfupi. Baada ya msimu huo wa 2021 aliandikiwa mkataba mwingine, na mshahara wa uhakika ukarudi juu. Kocha hukubali kulipwa kwa matokeo akiwa hana pa kwenda. Akianza kushinda, wakala wake hupiga simu.

7. Je, masomo ya wachezaji yanahesabika?

Karibu kila mkataba una kifungu cha masomo. Kipimo kinachotumika sana ni APR ya NCAA, ambacho humpa kila mchezaji mwenye ufadhili alama kwa kubaki chuoni na kwa kuendelea kustahili kucheza. Timu kamili hupata 1,000, na ikishuka chini ya 930 huweza kufungiwa mechi za baada ya msimu.

Linganisha kiasi na kiasi. Bonasi ya masomo kwa kawaida huwa makumi ya maelfu pale ambapo bonasi ya ubingwa ni laki kadhaa au milioni. Chuo kimeandika chenyewe, kwa tarakimu, kinachokithamini zaidi.

Kuna njia moja ya ajabu ambapo masomo huleta bonasi ya uwanjani. Timu zenye ushindi wa 6 zisipotosha kujaza nafasi za Bowl, nafasi zilizobaki hupewa timu zenye ushindi wa 5 kwa kufuata APR. Minnesota iliingia hivyo mwaka 2023, ikiwa na ushindi wa 5 na kufungwa 7. Kama mkataba unasema tu “kushiriki Bowl”, bila kutaja idadi ya ushindi, daftari la darasani linaweza kumlipa kocha aliyefungwa mechi nyingi kuliko alizoshinda.

8. Makocha wasaidizi nao wana malipo kwa matokeo?

Wanayo, kwa kawaida kama asilimia ya mshahara timu ikifika hatua fulani. Lakini kisa kilichowafanya watu wa kawaida kusoma mkataba wa msaidizi neno kwa neno ni cha Brian Ferentz wa Iowa, na kinastahili kuelezwa kwa urefu.

Brian alikuwa kocha wa mashambulizi. Kocha mkuu alikuwa baba yake, Kirk Ferentz, aliyekuwa Iowa tangu 1999. Kwa sababu ya sheria za kuzuia upendeleo wa kindugu, mwana hakuripoti kwa baba bali kwa mkurugenzi wa michezo. Mwaka 2022 timu ilikuwa na ulinzi wa kuogopwa na mashambulizi ya kutia huruma, wastani wa pointi 17.7 kwa mechi. Mashabiki walitaka Brian aondoke. Chuo kikachagua njia ya katikati: Februari 2023 mshahara wake ukapunguzwa kutoka 900,000 hadi 850,000, mkataba ukawekewa mwisho wa Juni 2024, na masharti mawili yakaandikwa. Timu ishinde angalau mechi 7, na ifikishe wastani wa pointi 25 kwa mechi, Bowl ikiwemo. Akitimiza yote mawili, mkataba unarefushwa na anapata bonasi ya 112,500.

Kasoro ilionekana mapema. Pointi zilizofungwa na walinzi, kwa mfano mpira ulionyakuliwa na kukimbizwa hadi mwisho, nazo zilihesabiwa. Mtu anapimwa kwa kazi ya wenzake! Mashabiki wakazidisha 25 kwa mechi 13, wakapata 325, na kila Jumamosi wakawa wanahesabu zimebaki ngapi. Mechi ya kwanza Iowa iliifunga Utah State 24 kwa 14. Imeshinda, na bado imepungua pointi moja.

Mwisho wa Oktoba kaimu mkurugenzi wa michezo, Beth Goetz, alitangaza kwamba Brian hatarudi baada ya msimu. Timu ilimaliza na ushindi wa 10 na kufungwa 4, ikashinda kundi lake la Big Ten kwa wastani wa pointi 15.4. Sharti la ushindi lilitimia kwa ziada. Sharti la pointi halikukaribia. Mechi mbili za mwisho, dhidi ya Michigan na Tennessee, Iowa haikupata hata pointi moja.

9. Nani mwingine hunufaika timu ikishinda? Wachezaji je?

Wakurugenzi wa michezo, kwanza. Mwaka 2014 Gene Smith wa Ohio State alipata bonasi ya zaidi ya dola 18,000 kwa sababu mwanafunzi mmoja alitwaa ubingwa wa mieleka. Mwanafunzi mwenyewe hakuruhusiwa kulipwa hata senti kwa ubingwa huo, na kelele zilizofuata zilikuwa za haki.

Kwa wachezaji mambo yamebadilika. Baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya 2021 katika kesi ya Alston, vyuo viliruhusiwa kuwatuza wanariadha hadi dola 5,980 kwa mwaka kwa mafanikio ya masomo. Kisha Juni 2025 jaji aliidhinisha maridhiano ya kesi ya House, na kila chuo kikapata ruhusa ya kugawa hadi takriban milioni 20.5 kwa wanariadha wake wa michezo yote katika mwaka wa kwanza. Kwa hiyo kila dola inayokwenda kwa kocha sasa ina mshindani. Desemba 2024 Mike Gundy wa Oklahoma State alikubali kukatwa milioni 1 ya mshahara ili ielekezwe kwa wachezaji. Septemba iliyofuata alifukuzwa.

## Zilipo fedha kubwa

10. Mbona anayefukuzwa huonekana kulipwa kuliko anayeshinda?

Kwa sababu ushindi hulipwa kwa bonasi na kushindwa hulipwa kwa dhamana. Kisa kinachotajwa na kila mtu ni cha Jimbo Fisher.

Desemba 2017 Texas A&M ilimpa miaka 10 na milioni 75, zote za uhakika. Mkuu wa mfumo wa vyuo hivyo, John Sharp, alimkabidhi hata kibao cha ubingwa wa taifa chenye nafasi ya mwaka iliyoachwa wazi, aijaze mwenyewe. Mwaka 2020 timu ilifungwa mechi moja tu na kumaliza ya 4 kitaifa, na mwaka 2021 mkataba ukarefushwa hadi 2031 kwa zaidi ya milioni 9 kwa mwaka. Kibao hakikujazwa. Novemba 12, 2023, siku moja baada ya kuifunga Mississippi State 51 kwa 10, Fisher alifukuzwa. Alichobaki akidai kilizidi milioni 75: zaidi ya 19 ndani ya siku 60, nyingine zaidi ya milioni 7 kila mwaka hadi 2031, bila kupunguzwa hata akipata kazi kwingine.

Hakuna ngazi ya bonasi katika futiboli ya vyuo inayokaribia hapo. Ukitaka kujua mkataba unalipa kwa matokeo au la, soma ukurasa wa kufukuzwa kabla ya ukurasa wa bonasi.

11. Ushindi huongezaje muda wa mkataba?

Kupitia kifungu cha kujirefusha. Mark Stoops wa Kentucky alikuwa na sharti kwamba ushindi wa 7 katika msimu unaongeza mwaka 1, na ushindi wa 10 unaongeza miaka 2. Kwa chuo ambacho kwa miaka mingi hakikuwa na makuu, ilionekana busara: ukishinda, unabaki. Lakini kila mwaka ulioongezwa ulikuwa pia mwaka wa fidia. Alipofukuzwa mwishoni mwa msimu wa 2025, deni lilikuwa karibu milioni 38, na kwa maandishi lilitakiwa kulipwa kwa mkupuo ndani ya siku 60. Ilibidi akubali mwenyewe kuligawa kwa miaka.

Haya ndiyo malipo kwa matokeo yenye uzito, hata kama hayajaitwa bonasi. Ushindi mmoja wa Novemba dhidi ya timu dhaifu, ule wa saba, unaweza kuwa na thamani ya mamilioni.

Arkansas ilijaribu kufunga fidia yenyewe kwenye matokeo. Sam Pittman akifukuzwa huku rekodi yake tangu 2021 ikiwa nusu kwa nusu au zaidi, angelipwa asilimia 75 ya kilichobaki. Ikishuka chini ya nusu, asilimia 50. Alifukuzwa Septemba 2025 akiwa bado juu kidogo ya mstari huo, na kwa kifungu hicho alistahili zaidi ya milioni 9. Mantiki ya kifungu ni nzuri. Ila mkurugenzi asiye na subira hulipa bei ya juu.

12. Je, tarehe ya kufukuzwa ina maana?

Sana. Nebraska walimfukuza Scott Frost Septemba 11, 2022, baada ya kufungwa na Georgia Southern nyumbani. Oktoba 1 fidia yake ingeshuka kutoka milioni 15 hadi 7.5. Kusubiri wiki tatu kungeokoa nusu. Hawakusubiri. Frost mwenyewe mwaka uliotangulia alikubali kupunguziwa mshahara kutoka milioni 5 hadi 4 ili abaki.

13. Kocha aliyefukuzwa akipata kazi mpya, chuo cha zamani kinaendelea kulipa?

Inategemea kama mkataba una sharti la kutafuta kazi na kupunguza deni. Likiwepo, kocha analazimika kutafuta kazi kwa nia njema, na mshahara mpya hukatwa kwenye fidia. James Franklin ndiye mfano safi: Penn State walimfukuza Oktoba 2025 wakidaiwa takriban milioni 49, mwezi uliofuata akaajiriwa Virginia Tech, na deni likamalizwa kwa milioni 9.

Lisipokuwepo, kocha hula sahani mbili. Gus Malzahn alifukuzwa Auburn Desemba 2020 kwa fidia ya milioni 21.45, nusu ikilipwa ndani ya siku 30, na Februari 2021 alikuwa tayari kocha mkuu wa chuo kingine, UCF. Yote halali.

Ugomvi huzuka pale “nia njema” inapopimwa. Bret Bielema alipofukuzwa Arkansas mwaka 2017 alikwenda kufanya kazi na New England Patriots, timu ya ligi ya kulipwa, kwa mshahara mdogo kulinganisha na hadhi yake. Taasisi ya wafadhili iliyokuwa ikimlipa ilisimamisha malipo mwaka 2019 kwa hoja kwamba hakutafuta kazi kubwa ya kutosha. Alishtaki mwaka 2020, na mwishoni wakapatana. Kwenye soka, kocha anayefanya kazi nje ya nchi yake angeweza kupeleka madai FIFA. Huku hakuna chombo kama hicho. Ni mahakama au meza ya mapatano.

14. Na akifukuzwa kwa kosa?

Hapo fidia hufa, na bonasi ambazo hazijaiva hufa nayo. Tennessee walimfukuza Jeremy Pruitt Januari 2021 kwa ukiukaji wa kanuni za kusajili wachezaji, wakakwepa milioni 12.6. Mel Tucker wa Michigan State alikuwa na mkataba wa miaka 10 na milioni 95, uliosainiwa Novemba 2021 baada ya mwanzo mmoja mzuri wa msimu, ukisaidiwa na wafadhili matajiri. Septemba 2023 alifukuzwa kwa tuhuma za mwenendo mbaya wa kijinsia, ambazo alizikana, huku karibu milioni 80 zikiwa hazijalipwa.

Kwa sababu tofauti ni kubwa hivyo, chuo huwa na hamu ya kulipata kosa. Kansas walipomwondoa David Beaty mwaka 2018 kwanza walisema fidia ya milioni 3 ipo, kisha wakadai wamegundua makosa. Kesi ikaisha mwaka 2020 kwa wao kumlipa milioni 2.55. Kufungwa mechi, kwa vyovyote, si kosa. Sijaona mkataba mkubwa unaosema vinginevyo.

15. Kwa nini vyuo hukubali masharti haya?

Hofu, na wakala. Kocha akianza vizuri, uvumi huanza kwamba chuo tajiri kinamtaka, na wakala mmoja, Jimmy Sexton, anawakilisha makocha wengi wakubwa kwa wakati mmoja. Chuo hununua utulivu kwa dhamana. Kocha hujiunga na mchezo huo kwa hoja yenye uzito: wachezaji wa shule za sekondari hawataki kusaini kwa mtu ambaye mkataba wake umebaki miaka miwili.

Lipo pia tatizo la anayesaini. Scott Woodward alikuwa mkurugenzi wa michezo wa Texas A&M walipomwajiri Fisher. Baadaye akiwa LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, alimwajiri Brian Kelly kwa miaka 10 na milioni 95. Kelly alifukuzwa Oktoba 2025 kwa fidia ya takriban milioni 54, na siku chache baadaye Woodward naye akaondoka. Gavana wa Louisiana, Jeff Landry, alikuwa amesema hadharani kwamba mkataba ujao utafungwa kwenye vipimo vya matokeo. Kocha aliyefuata, Lane Kiffin, alipewa miaka 7 ya takriban milioni 13 kwa mwaka.

16. Kwa hiyo njia ya kweli ya kulipwa kwa ushindi ni ipi?

Kuandikiwa mkataba upya. Curt Cignetti alianza Indiana mwishoni mwa 2023 akiwa na takriban milioni 4 kwa mwaka, kwenye chuo kilichokuwa na historia ndefu ya kufungwa. Kufikia Oktoba 2025 alikuwa na mkataba wa miaka 8 wa wastani wa milioni 11.6. Januari 2026 Indiana iliifunga Miami 27 kwa 21 na kuwa bingwa wa taifa. Weka bonasi zake zote upande mmoja na nyongeza hiyo upande wa pili, uone ipi ilimpa zaidi.

## Mambo ya pembeni

17. Kocha akihama kabla ya mchujo, bonasi ya mchujo ni ya nani?

Kwa kawaida hupotea, kwa sababu mikataba hutaka awe kazini siku ya mechi. Kiffin alivunja mazoea. Alipoiacha Ole Miss mwishoni mwa Novemba 2025, timu ikiwa inaelekea kwenye mchujo, chuo hicho hakikumruhusu kuendelea kuifundisha. LSU wakakubali kumlipa wao bonasi ambazo angezipata. Ole Miss, chini ya Pete Golding, ikashinda mechi mbili za mchujo na kufika nusu fainali. LSU ikajikuta inamlipa kocha wake kwa ushindi wa mpinzani wake wa ligi moja, SEC, katika mechi ambazo kocha huyo alizitazama tu. Aliyeandika kifungu hicho alijua kazi yake.

18. Ushindi ukifutwa baadaye na NCAA, bonasi hurudishwa?

Ikiwa tu mkataba umesema hivyo. Baadhi ya vyuo siku hizi huweka kifungu cha kurejesha. Pasipo kifungu, rekodi hufutika vitabuni na fedha hubaki mfukoni.

19. Msimu ukivurugika, kama 2020, vigezo hubakije?

Maandishi ndiyo huamua. Mwaka huo NCAA iliondoa sharti la ushindi wa 6, na Mississippi State ikacheza Bowl ikiwa na ushindi wa 3 na kufungwa 7, na ikashinda. South Carolina, iliyoshinda 2 kati ya 10, nayo ilialikwa kabla mechi haijafutwa. Kifungu cha “kushiriki Bowl” na kifungu cha “ushindi wa 6” vilionekana ndugu mapacha mpaka siku hiyo.

20. Nani hulipa, na kodi je?

Kwenye ligi kubwa, fedha hutoka kwa haki za televisheni, tiketi na wafadhili, na fidia kubwa mara nyingi hukusanywa na wafadhili hao. Kwenye vyuo vidogo, ada za wanafunzi na ruzuku ya chuo hubeba sehemu kubwa ya bajeti ya michezo, na hapo ndipo swali la haki lina uzito. Baadhi ya vyuo hukata bima ya bonasi: timu ikishinda kupita matarajio, kampuni ya bima inalipa.

Kuhusu kodi, kocha hukatwa kama mfanyakazi yeyote. Mwajiri asiye wa kibiashara naye, tangu 2018, hulipa asilimia 21 juu ya malipo yanayozidi milioni 1 kwa vigogo wake. Vyuo binafsi vinabanwa waziwazi. Baadhi ya vyuo vya umma vimekuwa vikijitetea kwamba sheria haiwagusi.

21. Naweza kuusoma mkataba mwenyewe?

Kwa chuo cha umma, mara nyingi ndiyo: ni hati ya umma na huombwa kwa sheria ya taarifa ya jimbo husika. Gazeti la USA TODAY huchapisha kila mwaka orodha ya malipo ya makocha, pamoja na kiwango cha juu cha bonasi na fidia ya kila mmoja. Vyuo binafsi kama Notre Dame na USC havilazimiki kuonyesha mkataba. Kinachoonekana ni jumla ya malipo kwenye taarifa zao za kodi, tena kwa kuchelewa.

Ukiupata, anza na sehemu ya kusitisha mkataba. Tafuta asilimia ya dhamana, ratiba ya malipo, na kama lipo sharti la swali la 13. Jedwali la bonasi huwa kiambatisho, karibu na mwisho, baada ya gari na tiketi za familia.